Bao la mtandaoni linapogoma: tafuta ugonjwa kabla ya kupaka rangi

Mchezaji hakuletei sababu, anakuletea neno moja. Sisi wanne tunaotengeneza bao la mtandaoni hapa Unguja, linalochezwa kwenye simu, kompyuta na runinga, tumezoea kuletewa matatu: "bovu", "linaganda" na "linanionea". Mwaka wa kwanza tuliyachukua kama yalivyokuja. Akisema bovu, tunabadili rangi. Akisema linaganda, tunailaumu seva. Ubao tuliupaka rangi mara tatu, na kumbe tatizo lilikuwa kidole cha mtu kinateleza.

Siku hizi sifungui kompyuta kabla ya kuuliza: unatumia kifaa gani, umekishika vipi, uko wapi, na kidole kilikuwa juu ya shimo gani mambo yalipoharibika? Swali la mwisho ndilo linalokamata wengi.

Kwa asiyelijua bao la Kiswahili, ya kutosha kufuata maelezo ni haya. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, shimo maalumu la safu yake ya mbele, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kutia ubaoni moja moja kila zamu. Mkono ukiisha, mnaingia mtaji, mnacheza na zilizoko ubaoni tu. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kulia na kushoto, huitwa vichwa. Hivyo vichwa ndivyo vilivyotutesa.

"Nikicheza kichwa, linajifunga"

Aliyelileta ni maalim mmoja mstaafu, mchezaji wa kila alasiri kwenye baraza letu. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwomba anioneshe. Mkono wa kulia ana kikombe cha kahawa, wa kushoto simu, na anachezea kidole gumba. Akavuta kete za kichwa cha kushoto kuelekea kulia, ubao ukatoweka, akajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo.

"Unaona, mwanangu? Mimi nakula, lenyewe linanitoa nje."

Nikajaribu kwenye simu yangu: shwari. Tukahangaika wiki mbili tukitafuta kosa kwenye hesabu za kete, na kosa halikuwa huko. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, mtu anaweza kuondoa vile vitufe vitatu vya chini na kutumia ishara za kidole. Kwa mpangilio huo, kuvuta kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia kuja ndani maana yake ni "rudi nyuma". Kichwa chetu kilikuwa kimegusana na ukingo. Simu yangu ina vitufe vitatu. Ya maalim, mjukuu wake alishaiweka kwenye ishara.

Alama ya kuutambua ugonjwa huu ni kwamba unatokea upande mmoja tu. Kichwa cha kushoto kikivutwa kwenda kulia, bao linafungwa. Kikivutwa kwenda kushoto, halifungwi. Hesabu mbovu isingechagua upande.

Android inaruhusu gemu kuomba sehemu ya ukingo isihesabiwe, lakini kwa urefu wa dp 200 tu kila upande (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye kioo). Kwenye simu ndogo iliyolazwa, safu mbili za mchezaji zinaingia humo. Kwenye tableti haziingii, na tiba inayofaa kifaa kimoja na kukiacha chengine mimi siiamini. Tukafanya mawili: tukaurudisha ubao ndani kidogo, na tukaacha kuburuta. Unagusa shimo, inatokea mishale miwili, unagusa mshale wa upande unaoutaka. Faida tuliyoipata bila kuitafuta ni kwamba mishale hiyo hiyo inafanya kazi kwa kipanya na kwa pedi, kile kidhibiti cha gemu chenye vitufe na vijiti, wakati kuburuta kwa pedi ni mateso.

"Nimegusa hili, limecheza la jirani"

Hapa piga hesabu kabla ya kubishana. Mwongozo wa Android unataka kila kitu cha kuguswa kiwe na angalau dp 48 kwa 48, kama milimita tisa hivi. Simu nyingi zilizoko mitaani, zikisimamishwa wima, zina upana wa dp 360. Gawa kwa mashimo manane: 45. Bado hujaacha nafasi pembeni, bado hujaweka pengo kati ya shimo na shimo. Umeshindwa kabla hujachora kitu.

Ukiilaza simu, nafasi inatosha na kubaki. Basi lazimisha ilazwe? Tulilazimisha, na watu wa mkono mmoja na kikombe wakatuhama. Sasa simu ikiwa wima, shimo linahesabiwa refu kwenda chini kuliko linavyoonekana, na ukiligusa linainuka juu ya kidole chako likiwa kubwa, pamoja na idadi ya kete zake. Ukiona umekosea, unatelezesha kidole hadi la jirani, ndipo unaachia. Kuachia ndiko kunakochagua, si kugusa. Mstari huo mmoja wa programu ulimaliza malalamiko ambayo rangi tatu hazikuyagusa.

"Linaganda"

Neno hili lina magonjwa matatu yasiyojuana, na kila mmoja una tiba yake.

La kwanza haligandi kabisa. Katika namua, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako, una hiari: ulale hapo, au usafiri, yaani uzichote kete za nyumba na kuendelea kuzisambaza. Kwenye ubao wa mti mwenzako anauona mkono wako umesimama juu ya nyumba, anajua unapiga hesabu, anakunywa kahawa yake. Kwenye kioo, wewe umeletewa vitufe viwili, "Lala" na "Safiri". Mwenzako aliye Wete, Pemba, anaona nini? Kete zimesimama katikati ya njia, kimya. Akisubiri kidogo anazima simu na kusema bao limeganda.

Utalijuaje? Fungua kumbukumbu za seva, tazama watu wanaondoka katika hali ipi. Wetu wengi waliondoka seva ikiwa inasubiri uamuzi wa mpinzani, na hakuna hata ujumbe mmoja uliopotea njiani. Tulichora mkono unaoelea juu ya nyumba kwenye kioo cha anayesubiri. Mkono tu, bila maandishi. Kila mchezaji wa bao anaelewa.

La pili ni la fremu, zile picha zinazofuatana kioo kinapoonesha mwendo. Programu yetu iliandikwa kwamba kila kete idondoke kwa fremu 15. Kompyuta inayokwenda fremu 60 kwa sekunde inadondosha kete kwa robo sekunde. Simu iliyochoka, inayokwenda fremu 30, inachukua nusu sekunde. Zamu ndefu ya kudondosha kete 40 inaisha kwa sekunde 10 upande mmoja na sekunde 20 upande wa pili. Saa ya zamu ilikuwa inaanza kwenye seva, kwa hiyo mwenye simu alikuwa bado anatazama kete za mwenzake zikitembea huku zamu yake imeshaanza kuliwa. Huyu alikuwa na haki ya kusema linaganda, na ya kusema linamwonea. Hesabu mwendo kwa muda, usihesabu kwa fremu. Na seva nayo iongeze kwenye zamu muda wa kila kete iliyosambazwa, sawa kwa wote.

Na kwa nini simu ilishuka hadi fremu 30? Kosa letu tena. Tunatumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, na humo vitu vya kiolesura vilivyo kwenye turubai moja huenda pamoja: kikibadilika kimoja, turubai nzima hupangwa upya. Sisi tulikuwa tumeweka namba za mashimo 32, majina, picha na saa ya zamu pamoja. Saa ilikuwa inaonesha hadi sehemu za kumi za sekunde, yaani mara kumi kila sekunde tulikuwa tunaujenga ukurasa mzima ili kubadili tarakimu moja. Simu inapata moto, inajipunguzia kasi, mchezaji analaumu bando. Tenga vinavyobadilika na visivyobadilika, kila kundi turubai yake. Na sehemu za kumi za sekunde, kwenye bao, zina kazi gani? Tumezifuta.

La tatu ndilo mtandao wenyewe, na hapa wengi hukimbilia kuhamisha seva. Mwanga kwenye nyaya hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,500, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 65 hata nyaya zingenyooka kama rula, nazo hazikunyooka. Cape Town au Johannesburg ni karibu zaidi. Kwa gemu la mbio au la kupigana, hama kesho. Kwa bao, sehemu ya tano ya sekunde haimuumizi mtu.

Linaloumiza ni kukatika. Sisi wa Unguja, tuliokaa kizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hatuhitaji kuelezwa kwamba umeme ni mgeni. Umeme ukienda, kifaa cha waifai cha nyumbani kinazima, simu inahamia kwenye bando, na anwani yake ya mtandao inabadilika. Seva inayomtambua mtu kwa anwani itamwona ni mgeni na kumpa mwenzake ushindi. Mpe mchezaji tiketi ya mechi, ikae ndani ya simu yake, na akirudi aioneshe aendelee pale pale. Na kwenye kioo usiwaandikie wote wawili "Hitilafu ya mtandao". Mwambie aliyebaki: "Mwenzako amekatika, anasubiriwa sekunde 90." Mwambie aliyekatika: "Wewe ndiye umekatika, bao lako lipo." Watu husubiri vizuri wakijua wanamsubiri nani.

"Linanionea"

Ukiondoa saa ya zamu niliyoitaja, malalamiko haya yalikuwa na chanzo kimoja kilichonifundisha zaidi kuliko vyengine vyote. Mwenye kompyuta akipitisha kipanya juu ya shimo lolote, idadi ya kete ilikuwa inatokea yenyewe. Mwenye simu hana kipanya cha kuelea. Ilimbidi ashikilie kidole nusu sekunde kwa kila shimo. Mwenye pedi ilimbidi atembeze taa, ile alama ya shimo lililochaguliwa, hadi hapo. Hatukukusudia, lakini mmoja anayasoma mashimo yote 32 kwa kufagia mkono mara moja, na wa pili anahangaika kwa moja moja huku saa inakwenda.

Tukataka kuandika namba juu ya kila shimo, kwa wote. Barazani hawakukubali. "Mmewapa watoto kikokotoo," walituambia, "bao ni jicho." Nadhani wana haki, ingawa mimi mwenyewe napenda namba. Tukaliacha liwe chaguo la mechi, si la mtu: mnakubaliana kabla ya kuanza kama namba zionekane au zisionekane, na mkishakubaliana, kuelea, kushikilia na kutembeza taa vyote vinatoa kitu kile kile. Kanuni ninayoishika sasa ni kutofautisha namna ya kuuliza na jibu. Namna inaweza kuwa ya kila kifaa. Jibu na bei yake viwe sawa.

Kabla hujatoka hapa, angalia pia saa ya zamu inahesabiwa na nani. Ukitumia saa ya kawaida ya simu, utakutana na mtu aliyeirudisha nyuma kwa mkono kwa sababu zake, na zamu yake haiishi. Seva itume muda uliobaki, simu ihesabu kwa ile saa yake ya ndani isiyorudi nyuma.

"Nabonyeza, hakuna kitu"

Dalili ya pedi, mara nyingi sebuleni mbele ya runinga. Karibu kila mara sababu ni kwamba ukurasa umefunguka bila kitu chochote kuwashwa taa, kwa sababu mtengenezaji alijaribu kwa kipanya peke yake. Pedi haina mshale wa kuelekeza. Inahama kutoka kilichowashwa hadi cha jirani. Kama hakuna kilichowashwa, hakuna pa kuondokea. Ng'oa kipanya na kibodi, weka mfukoni, tumia gemu lako saa nzima kwa pedi tu, ukiingia kila ukurasa na kila ujumbe unaojitokeza. Utayakuta makosa yote kabla ya chai.

Ndugu wa tatizo hili ni maandishi yanayochezacheza: "Bonyeza kitufe" yanageuka "Bofya hapa", yanarudi, yanageuka. Pedi imezeeka, kijiti chake kimelegea na kinaegemea upande, kwa hiyo gemu inadhani mtu ameshika pedi. Kipanya kikitikisika kwenye meza, inadhani amerudi kwenye kipanya. Puuza mwendo mdogo wa kijiti, na usibadili maandishi mpaka mtu abonyeze kitu kwelikweli.

Halafu herufi. Kwenye pedi ya Xbox, A iko chini. Kwenye ya Nintendo, A iko kulia, na PlayStation haina herufi hapo, ina maumbo. Ukiandika "Bonyeza A" kwa wote, mmoja atakubali alichotaka kukataa. Funga kazi kwenye mahali pa kitufe, kisha chora alama ya pedi iliyochomekwa.

Runinga yenyewe hula kingo. Acha asilimia tano kila upande: kwenye picha ya 1920 kwa 1080 ni pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Jina la mchezaji likikatwa nusu, usitafute zaidi ya hapo. Na ukubwa wa maandishi usiuamue ukiwa umekaa mezani. Nenda kakae kwenye kochi.

"Tumekuja mashindanoni, hakuna mtu"

Hili lilitutia aibu. Tulitangaza mashindano ndani ya gemu, seva ikahifadhi 20:00, kiolesura kikaandika "saa 8:00 usiku". Ndugu yangu, saa nane za usiku kwa Mswahili ni watu wote wamelala. Wachache waliamka kweli. Waliokusudiwa kuja saa mbili hawakuja hata mmoja, na sisi tulikuwa tumekaa tunawasubiri.

Maktaba ya programu tuliyoitumia ilitafsiri majina ya siku na miezi, saa ikaiacha ilivyo. Kutoa saa sita ni juu yako mwenyewe. Sasa tunaandika "saa 2:00 usiku", chini yake kwa herufi ndogo 20:00, na pembeni muda uliobaki. Mwezi wa Ramadhani tunaongeza uangalifu: hatuweki mechi karibu na magharibi, na baada ya tarawehe ndipo seva inapata kazi.

Katika lugha kuna vidonda vyengine viwili vidogo. Kiolezo kilichoandikwa namba kwanza kitakuletea "4 wachezaji". Acha kila lugha ipange maneno yake. Na jina la mchezaji: kijana alijiita Ng'ambo, jina la mtaa wake, gemu ikamwambia jina lina alama isiyoruhusiwa. Aliyeandika kichujio alikataza ritifaa, ile alama iliyo kwenye ng', akiogopa wadukuzi wa hifadhidata. Hofu hiyo ina dawa yake, nayo ni kutenga data na amri unapoiuliza hifadhidata. Usimnyime mtu mtaa wake.

"Sioni kitu"

Uliza yuko wapi. Akiwa Forodhani saa tisa alasiri, jua usoni, ule ubao wako wa rangi ya mlango wa Mji Mkongwe na kete za kijivu kama komwe halisi vinakuwa kitu kimoja. Ubao ni mzuri, nakiri, niliuchora mwenyewe. Pima tofauti ya mwanga: maandishi yafike 4.5 kwa 1, kete na mashimo yasipungue 3 kwa 1. Na zamu usiioneshe kwa nyekundu na kijani peke yake, wako wasiozitofautisha. Tumeweka mshale.

"Kete zinalia baada ya kudondoka"

Limeletwa wiki iliyopita, na maalim yule yule. Nimeshauliza maswali yangu manne. Kajukuu kake kamemnunulia spika ya Bluetooth, ameiweka barazani ili wote wasikie. Spika hizo huchelewesha sauti, na kwa wimbo hutambui, ila kwa kete inayogonga mti unatambua. Tunaweka kitelezi cha kuichelewesha picha kidogo ilingane na sauti. Mpaka kiwe tayari, nimemwambia aizime spika. Amekataa.